Choo cha Anasia na Maji ya Bati Langu

Ninyi vijana mnaokuja kukaa hapa kibarazani kwangu kuniuliza mchanganyiko wa zege, leo zege itasubiri. Leo nitawasimulia habari ya wivu, maana wivu nusura uniulie watoto wa watu, na katika mafundi wote walionifundisha hakuna aliyenionyesha namna ya kuupima.

Mnanijua. Mimi ni Aminieli, fundi mwashi, nimeshika mwiko zaidi ya miaka arobaini, kuanzia Pasua kule mjini mpaka huku juu Mwika. Siku hizi magoti yamegoma, nashinda na migomba yangu. Na niliyemwonea wivu mnamjua, ila hamjui kuwa ndiye huyo. Ni Anasia, yule mama wa Marangu ambaye mnapenda kupiga picha kazi zake kwa simu zenu.

Tulijifunza kazi pamoja, Pasua, kwa Mzee Rajabu. Huyo mzee alikuwa mwembamba, mtu wa swala tano, na hasira zake alizimalizia kwenye tofali. Ukikosea hakukugombeza, alilitoa tofali lako ukutani, akaliweka miguuni pako, akaondoka. Mimi nilikuja kwake nikiwa nimeshajua kushika mwiko. Anasia alikuja kuchota maji ya kukorogea zege. Baada ya miezi michache akaanza kuuliza maswali. Kwa nini mchanga huu na si ule? Kwa nini tofali tunaliloweka kwanza? Sisi wanaume tulicheka. Mzee Rajabu hakucheka, alimjibu lote.

Sasa, kwa asiyejua: ukuta huanzia kona. Fundi anayeaminika husimamisha kona mbili, zikinyooka anafunga kamba kati yake, na wengine mnajaza tofali katikati mkifuata kamba. Mimi nilijaza katikati miaka minne. Anasia alipewa kona mwaka wake wa pili.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. "Mzee, mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu," alisema. "Una mkono mzuri."

"Na Anasia?"

"Ana mkono mzuri, na anauliza."

"Anauliza nini hasa?"

Mzee Rajabu akanitazama. "Ungeniuliza hilo mwaka jana, ningekupa kona."

Basi hapo ndipo kitu kilipoingia kifuani kwangu na kukaa. Mzee alipofariki tukatawanyika. Anasia aliolewa Marangu, mimi nikarudi kwetu Mwika. Lakini nikiwa na safari ya upande wa Marangu nilikuwa nazunguka njia ya mbali makusudi, nipite mbele ya nyumba aliyoijenga yeye, nitafute ufa. Nasimama barabarani kama mtu anayefunga kamba za viatu, macho ukutani. Ufa sikuuona hata siku moja. Narudi nyumbani nimenuna, mke wangu Ndeshi ananiuliza nani kanichokoza.

Nikiwa nimebakiza kazi chache tu kabla ya kupumzika, ikaja habari ya shule.

Ni shule ya msingi ya huku juu, jina naliacha. Ilikuwa imechoka. Sakafu ya darasa la pili ilikuwa vumbi tupu, watoto wanatoka na funza vidoleni. Mvua ikinyesha, mwalimu anaacha kufundisha kwa sababu ya kelele za bati, halafu anawasukuma wote kona moja wasilowane. Na choo, sijui niseme nini. Matundu machache, mengine yameshajaa, milango ni magunia. Wasichana wa darasa la sita na la saba walikuwa wanavuka uzio kwenda kujisitiri kwenye vihamba vya watu, katikati ya migomba. Wengine kila mwezi walikuwa na siku zao ambazo hawaji shule kabisa, na kila mtu mzima pale alijua sababu na hakuna aliyeisema.

Wazazi wakakubaliana kujenga. Mawe watabeba wao, mchanga watabeba wao. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mkali anaitwa Mwalimu Rehema, akatuita ofisini mafundi wawili. Nilipoingia nikamkuta Anasia ameshakaa.

"Kaka Amini, shikamoo," akasema. Nimempita miaka michache tu, lakini heshima hakuwahi kuiacha. Hata hiyo iliniudhi.

"Marahaba."

Mwalimu Rehema hakuzunguka. "Fundi Aminieli, madarasa mawili na tangi la maji ya mvua. Mama Anasia, vyoo."

Vijana, nilitaka kuruka. Mimi madarasa, yeye choo! Nilitoka mle ofisini nikitembea kama bwana harusi. Kwa mara ya kwanza tangu Pasua nilimwonea Anasia huruma, na huruma ile, ngoja niwaambie ukweli, ilikuwa tamu kuliko asali.

Nilijenga madarasa vizuri, hilo silionei haya. Mchanga niliupima kwa chupa kama alivyotufundisha Mzee Rajabu: unaweka mchanga nusu, unajaza maji, unatikisa, unaacha utulie. Udongo utakaa juu ya mchanga. Tabaka la udongo likiwa nene, rudisha mchanga huo ulikotoka. Ninyi siku hizi mnausugua kwenye kiganja na kusema uko safi. Kiganja chako hakijui kitu. Sakafu nilipoimwaga niliifunika kwa majani ya migomba, nikaimwagia maji asubuhi na jioni siku saba. Zege haipendi kukaushwa na jua, inapenda kukaa na unyevu mpaka ishibe. Watu wananiambia siku hizi kuna dawa ya kupaka. Sawa. Majani ya mgomba nayachuma hapo nyuma ya jiko.

Madirisha niliyaweka upande wa kushoto wa watoto, mwanga uje kushoto, ili mkono unaoandika usijifunike na kivuli chake. Nilidhani watu watakuja kuyasifu madirisha yale.

Hakuja mtu. Wote walikuwa chooni.

Maana Anasia, kabla hajachimba hata sentimita moja, alikaa kwenye nyasi na wasichana wa darasa la saba, akawauliza wanataka choo cha namna gani. Nilikuwa juu ya jukwaa nikicheka peke yangu. Choo nacho kina maswali? Kumbe kina. Wasichana wakamwambia mlango usitazame uwanja wa mpira. Wakamwambia wanataka ndoano ya kutundikia begi, maji humo humo ndani, na mahali pa kutupa vitu vyao bila mtu kuona. Halafu akawapanga watoto wa darasa la kwanza, akapima miguu yao kwa kijiti, ili tundu na mahali pa kukanyaga viwatoshe, wasiogope kutumbukia. Kila choo akakiwekea bomba refu la kupandisha harufu, lenye wavu juu, na ndani akapaacha giza kidogo. Nzi hufuata mwanga, anapanda bombani anadhani anatoka, anakwama kwenye wavu. Hilo lichukueni, ni la kweli, ingawa si langu.

Wazazi wakaanza kuja kutazama. Walipita mbele ya madarasa yangu, "Fundi, hongera ya kazi," huku miguu haisimami, mpaka vyooni. Huko wanakaa nusu saa. Mwenyekiti wa kijiji akaleta wageni, akawapeleka moja kwa moja chooni.

Nikavumilia. Lakini kuna siku mchana nilishuka nikamwona Anasia amekaa juu ya jiwe anakunywa mtori wa ndizi. Nikalitambua bakuli. Bakuli la bluu lenye pengo pembeni. Ni la nyumbani kwangu!

Jioni nikamuuliza Ndeshi, "Mtori ulimpelekea Anasia?"

"Nilimpelekea."

"Na mimi?"

"Wewe ulikula ugali ulioondoka nao asubuhi," akasema. "Aminieli, yule mama amejenga choo ambacho ningekipata nilipokuwa darasa la saba, nisingeacha shule. Bakuli moja la mtori unalionaje?"

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Shule iko mteremkoni. Madarasa yangu yako juu, vyoo viko chini. Tangi langu lilichukua maji ya bati lote, na tangi likijaa, ziada inatoka kwa bomba. Kutoka kwenye bomba lile nilipaswa kujenga mtaro wa mawe uyapeleke maji pembeni mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee wetu wa kumwagilia vihamba. Anasia alikuwa ameshamaliza mashimo yake. Akapanda kuniuliza.

"Kaka Amini, mtaro wako utaishia wapi?"

"Mfongoni."

"Moja kwa moja?"

"Anasia, unanifundisha kazi?"

Akainua mikono. "Samahani, kaka." Akashuka. Aliniamini.

Niliujenga mtaro ule mpaka nusu. Mawe yakapungua, nikasema nyasi zitamalizia. Siku chache baadaye manyunyu yakashuka, nikasimama kutazama. Maji yalifika mwisho wa mawe yangu, yakasita, yakageuka kushoto. Kushoto ndiko kwenye vyoo. Nikayafuata kwa macho mpaka yakapotelea ardhini, nyuma kabisa ya ukuta wa shimo.

Jembe lilikuwa karibu. Kazi ya siku moja na nusu, basi. Nikalitazama jembe, nikasikia wasichana wanacheka kule chini, wanamwita "Mama Anasia, Mama Anasia". Nikakusanya vifaa vyangu nikaenda nyumbani. Nilijiambia kuwa fundi mzuri hulinda ukuta wake mwenyewe. Nilijiambia mengi.

Shule ikafunguliwa, madarasa yakatumika, vyoo vikatumika. Masika ikaingia. Ikanyesha siku tatu mfululizo, zile mvua za huku kwetu ambazo mlima hauonekani kwa wiki nzima. Siku ya nne asubuhi nilivaa koti nikapanda shuleni. Nilienda kufanya nini? Nilienda kutafuta ufa. Nilitaka ufa mdogo tu, wa kumwonyesha mwenyekiti kwa kidole.

Nilipofika nyuma ya vyoo, ardhi ilikuwa imebonyea, na palikuwa na tundu ambalo ningeweza kuingiza kichwa. Ndani nikasikia maji yakibubujika chini ya sakafu, sakafu ambayo sasa haikulalia kitu. Nikazunguka mbele. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa kwenye foleni, wasichana, kama kumi na wawili, wa kwanza ameshashika mlango.

Sijawahi kupiga kelele kama siku ile. Nilimnyanyua yule wa mlangoni kwa mkono mmoja kama gunia la kahawa. Nilifungua milango yote, nikawatoa waliokuwa ndani, mmoja sketi haijapanda vizuri analia kwa aibu. Nikawakimbiza mpaka uwanjani. Mwalimu Rehema akatoka mbio. Bado tunahesabu watoto, ukuta wa nyuma ukakaa chini taratibu, kama ng'ombe anavyopiga magoti, halafu sakafu ikaufuata.

Hakuna mtoto aliyeumia. Hata mmoja.

Nilichukua jembe, nikakimbilia kwenye mtaro, nikachimba kwenye mvua mpaka nikaufikisha mfongoni. Watu wakasema, "Mwone mzee, anazibua mtaro!" Ilibidi maji yaondolewe, hilo ni kweli. Lakini mimi nilijua nafukia kosa langu huku nachimba. Nilifanya yote mawili kwa jembe moja.

Mchana wazazi wakakusanyika. Anasia alikuwa ameitwa kutoka Marangu, amelowa, uso hauna damu. Mama mmoja, ndiye mama wa yule mtoto wa mlangoni, alinishika mikono yote miwili, akapiga magoti kwenye matope. "Meku, mzee wangu, wewe ni mwokozi wa mwanangu." Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema hadharani kuwa kumbe walikosea, kazi zote wangempa Fundi Aminieli tangu mwanzo. Mzee mmoja akasema mambo ya kumpa mwanamke kazi ya msingi ndiyo haya.

Yale makofi niliyasubiri tangu ujana. Yalipokuja, vijana, sikuweza kuinua macho.

Anasia akanifuata. "Kaka Amini, nisaidie tu kuelewa. Mtaro ulikuwa unafika mfongoni, au umeufikisha leo?"

"Ulikuwa unafika," nikasema. "Leo nimezibua tu."

Akageukia watu. "Shimo ni langu na ukuta ni wangu. Naomba mnisamehe." Akaondoka akitembea kwenye mvua, hakuna aliyemsindikiza.

Nyumbani nilimwambia Ndeshi kwamba kamati ya shule imenipa mimi kazi ya kujenga vyoo upya. Akauliza, "Na mbona hufurahi?" Siku mbili zile hakuniuliza kitu kingine.

Siku ya tatu nilienda Marangu. Sikuwa nimeamua kusema. Nadhani nilitaka tu kumwona, nijue ameichukuliaje. Nikapita kati ya migomba, nikamkuta uani amechuchumaa, hakunisikia. Alikuwa amejenga choo kile cha shule, kidogo, urefu wa mkono, kwenye mteremko wa ua wake. Shimo limejengewa kwa vijiwe, sakafu ni kipande cha kigae, ukuta ni vijitofali alivyofinyanga kwa udongo. Mkononi ana jagi. Anamwaga maji huku, anatazama. Anamwaga kule, anatazama.

"Anasia."

Akashtuka. "Kaka. Karibu." Macho yalikuwa yamevimba. "Hii ni ya tatu. Nimejenga, nimemwaga maji kila upande kama mvua, haianguki. Sioni nilipokosea. Aisee, kaka, kama sioni, basi sijui kazi. Mwiko nimeshampa mpwa wangu. Siwezi kujenga tena mahali wanapoingia watoto."

Nikamchukulia jagi mkononi. Nikapanda hatua mbili juu ya kile kichoo chake, mahali ambapo pangekuwa mwisho wa mawe yangu, nikainamisha jagi, nikaacha maji yatoke kidogo kidogo, mahali pamoja, bila kusogeza mkono. Yalishuka, yakageuka kushoto, yakaingia nyuma ya shimo. Kijiwe cha kwanza kikatoka, kisha cha pili, halafu kigae kikaanguka ndani na ukuta juu yake.

Anasia alitazama ile takataka muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Haukufika mfongoni," akasema.

"Haukufika."

"Ulijua?"

"Niliyaona maji kwa macho yangu."

Nilidhani atanipiga. Angenipiga ningeshukuru. Alisimama, akapangusa mikono kwenye khanga. "Uliniacha siku tatu nikidhani nimekaribia kuua watoto," akasema. "Usiniombe msamaha hapa uani, peke yetu. Nenda ukaseme pale pale uliposema ulikuwa unafika."

Nikaenda. Mwalimu Rehema aliwaita wazazi tena, nikasimama mbele ya madarasa yangu nikasema yote, pamoja na habari ya jembe. Ndeshi alikuwepo, alikaa mstari wa mbele. Hakuna aliyenitukana. Yule mama aliyepiga magoti kwenye matope alinyanyuka akaja mpaka karibu yangu.

"Nilikuita mwokozi," akasema. "Nirudishie neno langu."

Mpaka leo nikikutana naye sokoni Mwika ananipita, na ana haki.

Anasia alikubali kurudi kwa sharti moja, mimi niwe chini yake. Nilibeba mawe na karai za zege kipindi chote kile, mzee mzima, na hakunipunguzia hata jiwe. Hakunisema vibaya wala hakunichekea. Aliyajenga mashimo upya kwa mawe makubwa zaidi, akayahamisha kidogo kuelekea pembeni, na mtaro akaukagua mwenyewe kwa kuufuata kwa miguu mpaka mfongoni, mara mbili, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo.

Mnaniuliza kama wivu uliisha. Hapana. Wasichana wale sasa wanakuja shule mwezi mzima, Mwalimu Rehema huwaambia wageni hivyo, na kila akisema "Mama Anasia" kuna kitu kinanichoma papa hapa. Madirisha yangu hakuna anayeyataja. Nimezoea kuishi na kitu hicho kama mtu anavyoishi na jino bovu. Tofauti ni kwamba sasa nikikisikia kinauma, nakitaja kwa sauti, namwambia Ndeshi au namwambia Anasia mwenyewe. Yeye hunijibu, "Nimesikia, kaka," na kuendelea na kazi.

Maana bado ananiita. Shule nyingine za huku juu zimemwomba azijengee vyoo, na kabla hajachimba hunipigia simu niende nikamwangalizie maji. Ananichagulia siku ya mvua. Watu wa kule huwa wanauliza huyu mzee wa koti ni nani. Anasia hajawahi kunificha. Hunyoosha mkono mbele ya walimu, wazazi na watoto, akasema, "Huyu ni Fundi Aminieli, ndiye aliyeniangushia ukuta."

Watoto wananiamkia. Naitikia, naipandisha kola ya koti, nakwenda juu kutazama maji yanatokea wapi.